Trekta Dogo kwa Shamba Dogo: Namna ya Kulinganisha Kabla ya Kununua

(Mhadhara uliosomwa mjini Tanga mbele ya wakulima, walimu na wafanyabiashara, na kupigwa chapa kwa ombi la waliohudhuria)



 

Madhumuni yangu ni haya. Mtu mwenye shamba la ekari 5 hadi 40, akiwa na fedha mkononi au ahadi ya mkopo, anapokwenda kuyatazama matrekta madogo yaliyopangwa uani kwa muuzaji, yakiwa yameoshwa na kung'aa, apime nini, aanze na lipi na amalize na lipi, hata apate kusema kwa yakini kwamba hili linanifaa na lile halinifai? Ninaposema trekta dogo nakusudia yale ya magurudumu manne yenye nguvu za farasi 15 hadi 40, na pamoja nayo nitaitaja pawatila, ile mashine ya kulimia ambayo mwenye kuiongoza hutembea nyuma yake, maana kwa wengi wetu mashindano ya kweli ni baina ya hizo mbili. Rai yangu naitoa mapema ili asiyekubaliana nayo aanze kunipinga tangu sasa: anayechagua trekta kwanza, kisha akatafuta zana, kisha akaipeleka zana shambani, amekwenda kinyume. Shamba ndilo linalochagua zana, na zana ndiyo inayochagua trekta.

1. Ardhi itangulie

Nchi yetu ilipata kuwa uwanja wa somo hili, tena somo la gharama kubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kule Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, mradi wa karanga uliokusudiwa kufunika zaidi ya ekari milioni 3 za Tanganyika. Mashine zilitafutwa kila pembe ya dunia: matrekta yaliyobaki ya vita yaliletwa kutoka Ufilipino, na vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta vikapewa jina la Shervick. Waliohusika waliharakisha kukusanya nguvu za kuvuta, ilhali udongo wenyewe walikuwa hawajauchunguza kwa makini; kumbe udongo wa Kongwa, wakati wa kiangazi, hushikamana ukawa kama sakafu, na mchanga wake mkali huyala majembe ya chuma. Mvua nazo zilikuwa haba kwa zao lile. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ulifutwa, baada ya mamilioni ya pauni kwenda na maji. Sikuitaja Kongwa ili kuwalaumu waliokwisha kutangulia mbele ya haki, bali kwa sababu kosa lile hufanyika hata katika ekari 8, na mwenye ekari 8 hana hazina ya serikali ya kumfidia.

Basi tuitazame ardhi yetu. Mwenye michungwa Muheza ana udongo mwepesi kiasi, na mavuno yake yananing'inia: haja yake kubwa ni kufyeka majani baina ya mistari, kupulizia dawa, na kulivuta tela la machungwa mpaka barabarani. Huyu apime nafasi iliyopo baina ya miti na urefu wa matawi ya chini, maana trekta lisilopita chini ya matawi halitamfaa hata likipewa bure. Mwenye mpunga katika bonde la Mombo yuko katika dunia nyingine kabisa. Jaruba lake ni dogo, limezungukwa na kingo, lina tope linalofika magotini, na trekta zito huzama humo likaharibu hata ule udongo mgumu wa chini unaoyazuia maji yasipotee. Kwake yeye pawatila yenye magurudumu ya chuma ya kupita kwenye matope, uzito wake ukiwa chini ya nusu tani, aghalabu ni bora kuliko trekta lolote la magurudumu manne. Ama ndugu zetu wa Lushoto, wenye mashamba yaliyoegama kwenye miteremko ya Usambara, kwao nasema waziwazi kwamba sehemu kubwa ya mashamba hayo haifai trekta la kupandwa, na muuzaji atakayemwambia mtu vingine anaihatarisha roho ya mnunuzi wake.

2. Nguvu za farasi, na yale yasemwayo juu yake

Nambari ya kwanza anayotajiwa mnunuzi ni nguvu za farasi, na ndiyo nambari inayopotosha zaidi. Hapa naomba ruhusa yenu niwasimulie kisa cha mbali kidogo.

Katika jimbo la Nebraska, Marekani, alikuwapo mkulima aitwaye Wilmot Crozier, aliyekuwa pia mjumbe wa baraza la kutunga sheria la jimbo hilo. Siku zile palikuwa na kampuni moja ya mji wa Minneapolis iliyokuwa imempata mtu mwenye jina la Ford ikalitia jina lake kwenye trekta lake, ingawa haikuwa na uhusiano wowote na Henry Ford mwenye magari. Crozier alinunua trekta hilo, likamshinda kazi, akaletewa jingine, nalo likawa vilevile. Hakuishia kunung'unika. Aliungana na mwenzake Charles Warner wakapeleka muswada, na mwaka 1919 ikawa sheria kwamba hakuna aina mpya ya trekta itakayouzwa Nebraska mpaka ipimwe na Chuo Kikuu cha jimbo, na nguvu zinazotangazwa zilinganishwe na zile zilizoonekana kwenye mizani. Trekta la kwanza kumaliza jaribio, mwaka 1920, liliitwa Waterloo Boy. Vipimo vya Nebraska vinaendelea hata leo, na taarifa zake husomwa na wanunuzi wa nchi nyingi. Sisi nasi tuna kituo cha CAMARTEC kule Arusha, ambacho miongoni mwa kazi zake ni kupima zana za kilimo. Mnunuzi ana haki ya kumwuliza muuzaji: je, trekta hili limepimwa, na taarifa yake iko wapi?

Sasa, nguvu za trekta ni za namna tatu, na kila moja ni pungufu ya iliyoitangulia. Iko nguvu ya injini, ambayo ndiyo inayoandikwa kwenye boneti. Iko nguvu inayofika kwenye shafti ya nyuma, ile mafundi waiitayo pi-ti-o, inayozunguka mara 540 kwa dakika na kuiendesha rotaveta (zana ya kukatia udongo kwa visu), mashine ya kufyekea au pampu. Hiyo kwa kawaida ni asilimia 80 hadi 90 ya ile ya injini. Kisha iko nguvu ya kuvuta, inayopitia kwenye matairi hadi ardhini, na hiyo ndiyo inayopungua kuliko zote, kwa sababu inategemea uzito wa trekta na hali ya udongo.

Wanaopenda hesabu na wachukue kalamu. Trekta lenye uzito wa kilo 1,000, likiweza kuvuta nusu ya uzito wake kwenye udongo ulioshikamana vizuri, kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, linatumia nguvu za farasi 7 na kitu hivi. Na liwe na injini ya farasi 30! Zilizobaki hazina njia ya kufika ardhini kwa kuvuta. Mwenye trekta akizidisha mafuta, matairi huteleza na kuchimba. Kwa hiyo, akitokea mtu akawaambieni kwamba trekta lake jepesi la farasi 30 litavuta plau ya diski tatu katika udongo mweusi wa mbuga, mwulizeni uzito wake kabla ya kuuliza jambo jingine lolote.

3. Uzito, mikono mitatu, na zana

Hoja hii ndiyo moyo wa mhadhara wangu, nami nitakaa nayo.

Zamani trekta lilikuwa likiburuta plau kwa nyuma, ikiwa na magurudumu yake yenyewe, hivyo ili trekta lipate kukamata ardhi lilipasa kuwa zito mno. Na plau iliponasa kwenye kisiki, trekta liliinuka mbele na mara nyingi likampindukia dereva. Aliyelifumbua fumbo hili kwa namna iliyoenea duniani kote ni Harry Ferguson, mtu wa Ireland, mtoto wa mkulima. Aliifunga zana kwa mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, pamoja na haidroliki ya kuinua na kushusha, kwa hesabu ambayo mvuto wa zana huyakandamiza magurudumu ya nyuma, na mkono wa juu hulisukuma trekta mbele lisiweze kuinuka kwa wepesi. Mwaka 1938 aliafikiana na Henry Ford kwa kupeana mkono tu, bila mkataba wa maandishi, na mwaka uliofuata matrekta yenye mfumo wake yakaanza kutoka katika kiwanda cha Ford. Lile trekta lake la rangi ya kijivu, TE20, lililotengenezwa Coventry tangu 1946 hadi 1956, lilikuwa na uzito wa tani 1 na kidogo tu, na yaliuzwa zaidi ya 500,000. Kila trekta dogo mtakalolitazama leo, liwe la Japani, la Uhindi au la Uchina, limebeba mikono hiyo mitatu.

Kwa hiyo mnunuzi aitazame kwa makini. Matrekta madogo hutumia pini za mikono ya chini zenye unene wa milimita 22, na yale madogo zaidi milimita 16, ilhali matrekta makubwa ya farasi 60 na kuendelea aghalabu hutumia za milimita 28. Mtu aliyekuwa akitegemea kuazima plau au haro ya jirani mwenye trekta kubwa ataikuta haiingii. Na hata akitafuta njia ya kuiingiza, trekta halitaiinua. Fauka ya hayo, aulize uwezo wa kuinua umepimwa wapi. Wako wauzaji wanaotaja kilo zinazoinuliwa kwenye ncha za mikono, lakini mzigo haukai kwenye ncha. Kipimo chenye manufaa ni kile cha sentimita 61 nyuma ya ncha hizo, nacho huwa kidogo zaidi. Pipa la dawa la lita 400 ni kilo 400 za maji, mbali na pipa lenyewe.

Ikiwa trekta jepesi halina nguvu kubwa ya kuvuta, dawa yake ni kuchagua zana inayokula nguvu kupitia shafti ya nyuma. Rotaveta huukata udongo kwa visu vinavyozunguka, na kwa mzunguko huo hulisukuma trekta mbele badala ya kulizuia, ndiyo maana trekta la farasi 25 lenye rotaveta ya mita 1.2 linaweza kufanya kazi ambayo kwa plau lingeshindwa. Tuhesabu. Upana wa mita 1.2, mwendo wa kilomita 3 kwa saa, tukitoa sehemu moja katika tano kwa kugeuza na kusimama, tunapata ekari moja kwa muda wa saa 1 na dakika 25 hivi. Pawatila yenye upana wa sentimita 60, kwa mwendo wa kilomita 2.5, ikipoteza robo ya muda wake, itachukua saa 3 na nusu na zaidi. Mwenye ekari 12 basi atamaliza kwa siku 2 kwa trekta, na kwa siku 5 au 6 kwa pawatila, akiwa ametembea kwa miguu nyuma yake muda wote huo. Ikiwa mvua za kwanza za vuli zinampa siku 10 za udongo laini, zote mbili zinamtosha, na tofauti ya bei ibaki mfukoni mwake. Ikiwa ana ekari 30, pawatila imekwisha kujiondoa yenyewe katika mashindano.

Nakiri kwamba rotaveta ina dhara yake: ikitumiwa kila msimu kwa kina kilekile, huuponda udongo ukawa unga unaochukuliwa na mvua ya masika, na chini yake hufanyika tabaka gumu. Mwenye busara hukodi trekta kubwa lenye jembe la kupasua chini mara moja baada ya miaka kadhaa.

4. Gia, magurudumu na matairi

Hapa nitapita upesi. Matrekta madogo ya kisasa yako ya gia za kawaida na yako yanayoendeshwa kwa mafuta ya haidroliki, ambapo dereva hukanyaga pedeli tu na kwenda mbele au nyuma bila klachi. Ya pili ni raha kwa mwenye kufyeka bustani na kupakia mbolea kwa koleo la mbele, lakini hupoteza sehemu ya nguvu, na yakiharibika fundi wa mtaani hawezi kuyafungua. Kwa shamba la kulima, mimi nashauri gia za kawaida, zenye gia moja ya taratibu sana kwa ajili ya rotaveta. Kuvuta kwa magurudumu manne nashauri kwa kila mwenye udongo wa mfinyanzi au mteremko, kwa sababu trekta jepesi linahitaji kila tairi lisaidie. Matairi yawe ya meno marefu ya shambani. Yale ya meno mafupi yanayopendeza macho yalikusudiwa kwa nyasi na viwanja.

5. Usalama wa dereva

Wengi hudhani jambo hili ni la nchi tajiri. Trekta dogo ni jembamba, magurudumu yake yamekaribiana, na kwa sababu hiyo hupinduka kwa wepesi zaidi kwenye ukingo wa mtaro. Sweden iliamrisha tangu mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na nguzo za kumkinga dereva, na vifo vya kupindukiwa vikapungua sana. Kwa hiyo nguzo ziwepo, na mkanda uwepo na ufungwe, maana nguzo bila mkanda humwacha dereva atupwe nje zikamwangukia nguzo zilezile. Wenye miti wachague nguzo zinazokunjwa, na wazikunje pale penye matawi tu. Na kifuniko cha shafti ya nyuma kisitolewe kamwe. Kanga au kanzu iliyoshikwa na shafti inayozunguka mara 9 kwa kila nukta haimpi mtu nafasi ya kupiga kelele. Kina mama waliomo humu, ambao aghalabu ndio wanaosimama karibu na mashine wakati wa kumwaga mbegu au kusukuma maji, wana haki ya kulishurutisha jambo hili kabla fedha haijatolewa.

6. Spea, fundi, na matrekta ya mtumba

Matrekta mawili yakilingana kwa kila nilichokitaja, lipi lichaguliwe? Lile ambalo filta yake, mkanda wa feni, klachi na noza zake zinapatikana kwa safari ya siku moja, na ambalo yuko fundi aliyekwisha kulifungua na kulifunga. Kabla ya kununua, mtu aandike orodha ya vipuri 10 vinavyochakaa upesi, aende nayo dukani Tanga au Dar es Salaam, aulize bei na kama vipo rafuni, wala asiridhike na ahadi ya kuagiziwa. Trekta lililosimama wiki tatu wakati wa mvua limeupoteza msimu mzima.

Swali hili lina uzito zaidi kwa matrekta yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, ya Kubota, Yanmar, Iseki na wenzao. Nayasifu kwa dhati: ni ya nchi iliyozoea mashamba madogo, ambako Yamaoka Magokichi, mwanzilishi wa Yanmar, alifaulu mwaka 1933 kutengeneza injini ndogo ya dizeli ya kumfaa mkulima. Lakini mengi yaliundwa kwa soko la ndani la Japani, kwa mashamba ya mpunga, na namba za vipuri vyake huenda zisionekane katika vitabu vya mawakala wa nje. Mengi ya yale ya zamani hayana nguzo za kinga. Shafti nyingine za nyuma zina mwendo wa namna kadhaa, na anayeifunga mashine ya 540 akaitia gia ya kasi ataivunja. Mnunuzi alione trekta likiwashwa asubuhi injini ikiwa baridi. Atazame moshi, achungulie oili kama imechanganyika na maji, ainue zana kisha azime injini aone kama mikono inashuka yenyewe, akanyage klachi, ashike usukani na kupima ulegevu wake. Saa zilizoandikwa kwenye mita asizitegemee peke yake. Pedeli iliyolika na kiti kilichochanika ni mashahidi waaminifu kuliko mita.

7. Hesabu ya mwisho: kununua, kukodi au kushirikiana

Nimeiweka hoja hii mwisho kwa makusudi, ingawa kwa baadhi yetu ndiyo itakayoamua. Yule mwenye ekari 12, akipita kwa rotaveta mara mbili, kwa misimu miwili, atalitumia trekta lake kwa saa 70 hivi kwa mwaka. Trekta linalofanya kazi saa 100 kwa mwaka, gharama ya kuchakaa kwa umri na riba ya mkopo kwa kila saa ni mara 5 ya lile linalofanya saa 500. Mafuta si kitu kikubwa hapa. Injini ya farasi 30 ikikazwa sana hunywa lita 6 hivi kwa saa. Kinachomla mwenye trekta ni siku zile linazolala.

Kwa sababu hiyo, mwenye chini ya ekari 5 namshauri akodi bila kuona haya. Mwenye ekari 10 hadi 15 atafute kazi za ziada: tela, kufyeka kwa majirani, kupukuchua mahindi, kusukuma maji, au aungane na wenzake watatu au wanne ambao mazao yao hayagongani kwa wakati, mwenye michungwa na mwenye mpunga na mwenye muhogo. Ushirika huu uandikwe: nani dereva, nani atia mafuta, nani hulipa tairi likipasuka, na zamu inakwendaje mvua zikija kwa pamoja. Nimeona jamaa waliopendana wakifarakana kwa betri moja, kwa kuwa hawakuandika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba niutumie muda uliobaki kwa pendekezo. Kabla ya mvua za masika zijazo, hadhara hii inaweza kuwaalika wauzaji wawili au watatu walete matrekta yao siku moja, kwenye shamba moja la Muheza, na pawatila mbili zipelekwe Mombo kwenye jaruba moja. Kila mashine ipewe nusu ekari ya udongo uleule, na zana ya upana unaojulikana. Tanki lijazwe mpaka juu kabla na baada, saa ishikwe na walimu wetu wa hesabu, na wanafunzi wao wapime kina cha mtifuo kwa rula mahali pengi. Matokeo yabandikwe ukumbini humu, pamoja na orodha ya vipuri na bei zake. Watakaonunua baada ya hapo waombwe kuweka daftari la saa, mafuta na matengenezo kwa misimu miwili, walete humu tuyasome pamoja. Tukiwa na madaftari 10 ya namna hiyo kutoka kwenye udongo wetu wenyewe, mkulima wa Pangani hatahitaji tena kuuliza Nebraska. Katibu amekubali kupokea majina ya wenye kutoa mashamba ya majaribio tangu jioni hii, na karatasi iko mezani kwake karibu na mlango.